Asilimia Nane ya Uso Wangu

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita nisimzungushe. Mdogo wangu wa mwisho, fundi umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Shoti, alifariki mwaka juzi huko mbali alikokwenda kuvuta nyaya na kampuni moja ya ujenzi. Wakamzika hukohuko. Mimi nilipata habari kwa simu.

Wiki hiyohiyo mama yetu alikuwa hospitali. Kiharusi kilikuwa kimempinda mdomo, ulimi umekufa ganzi, na daktari alinivuta pembeni akaniambia nimkinge na mshtuko wowote, maana kiharusi cha pili hataamka nacho. Nikanyamaza. Halafu nikafanya kubwa kuliko kunyamaza: nikaanza kumtengenezea mama picha za Shoti akiwa mzima wa afya.

Nyinyi mlioandika barua mkaniita shetani mwenye kamera, barua zenu nimezisoma. Sina ubishi. Ila kamera ni ya bosi. Mimi ni yule anayekaa nyuma ya pazia na kompyuta, anayekuondolea chunusi na kukunyoosha kola ya shati. Ukija na picha ya harusi ambayo baba yako hakuwahi kuiona, mimi ndiye ninayemchukua marehemu kutoka kwenye kitambulisho chake nikamsimamisha kando ya bibi harusi.

"Mchanganye taratibu," bosi huniambia kila mara. "Sitaki aonekane kabandikwa kama stempu."

Wengi mmeuliza nilifanyaje. Ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Sisi wa kazi hii tuna kitu tunaita leya: picha moja inalazwa juu ya nyingine, kama plastiki juu ya plastiki. Kila leya ina opasiti yake, yaani kiasi inavyoziba iliyo chini yake. Ukiiweka mia, ya chini huioni. Ukiishusha hadi hamsini, unawaona wote wawili kwa pamoja, mmoja ndani ya mwingine. Hapo ndipo unapolinganisha jicho kwa jicho na pua kwa pua. Kisha unapandisha kidogo, unafuta kingo kwa brashi laini, unashusha kidogo, mpaka anayetazama asijue huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi.

Shoti alituachia picha kumi na moja tu, ya mwisho akiwa na miaka ishirini na nne. Mama si mjinga. Kijana haendi kazini miaka miwili akabaki na mashavu yaleyale, ilibidi akue. Basi nikajipiga picha mwenyewe, nikauweka uso wangu juu ya wake, nikaushusha hadi thelathini.

Akajaa kidogo. Akaota ndevu. Tulifanana kama shilingi kwa ya pili, kwa hiyo alibaki kuwa yeye hasa, ila mtu mzima. Nilipomwona vile kwenye kioo cha kompyuta nililia mpaka bosi akaja kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ni mafua.

Kila baada ya miezi miwili "Shoti" alituma picha. Shoti na kofia ya kazi. Shoti anakunywa chai. Nikanunua na laini ya simu, nikasema amebadilisha namba, na huko aliko mtandao ni wa kubahatisha, sauti haipiti, ni meseji tu. Mtu akishaanza uongo huwa mchapakazi, jamani.

Mwezi uliopita mama, ambaye sasa anatembea na mkongojo na kusema polepole kama anayechagua mchele, akataka picha kubwa ya ukutani: yeye na watoto wake watatu. "Kama Shoti hawezi kuja, muunganishe wewe," akasema. "Si ndiyo kazi yako?" Wiki iliyopita niliwaacha na fundi fremu akigonga msumari sebuleni kwake.

Basi msumari uliingia, picha ikapanda. Upana wake mita nzima. Mama kakaa katikati, mimi kulia kwake, dada yetu kushoto, na Shoti kasimama nyuma, mkono begani kwa mama. Ule mkono nilihangaika nao siku tatu.

Fundi fremu aliaga akaenda zake. Mama akaketi akaitazama muda mrefu.

"Kanenepa," akasema. "Huko wanamlisha."

"Wanamlisha, mama."

"Mbona hacheki? Shoti hakuwahi kupigwa picha akatulia. Hata ile ya shule alitoa ulimi."

"Amekua, mama."

"Amekua," mama akarudia, akatabasamu kwa ule upande wa mdomo unaomtii.

Dada akatoka jikoni na kitambaa. Huyu dada ndiye anayenifuata kuzaliwa. Aliacha kazi yake ya dukani ili amtunze mama, na hajawahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja. Akasogea kwenye picha akaguna.

"Huyu fundi katuletea kioo kina mkwaruzo."

Akafuta. Akapumulia kioo, akafuta tena.

"Haitoki."

"Achana nayo," nikasema. "Itakuwa vumbi la ndani."

Hakuachana nayo. Akavuta kiti akapanda, akasogeza uso karibu na uso wa Shoti. Kitambaa kikasimama. Akanigeukia mimi, akaitazama picha, akanigeukia tena. Nikasikia miwani yangu ikiwa mizito puani.

"Kaka," akasema taratibu, "njoo jikoni unishushie sufuria kubwa."

Sufuria kubwa ilikuwa chini, karibu na mlango. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua.

Hata kabla hajafungua mdomo nilishajua nimeharibu wapi. Siku zote nikijipiga picha kwa ajili ya Shoti huvua miwani. Ila ya safari hii ilitaka atazame upande kidogo, nami bila miwani siwezi kuona kamera ilipo. Nikapiga moja na miwani usoni, ya kuelekezea macho tu, nikaishusha hadi asilimia nane isinisumbue, nikijiambia nitaifuta baadaye. Bosi akaniita mbele, kuna mteja wa picha za pasipoti ana haraka. Niliporudi nikaendelea na ule mkono.

Kioo cha kompyuta yetu ni cha kizamani na kimefifia. Asilimia nane pale ni sawa na hakuna. Kwenye karatasi ya mita moja, asilimia nane ni mstari kama wa penseli unaotoka sikioni kwa marehemu, unazunguka jicho, unapita juu ya pua na kwenda jicho la pili.

Dada alifunga mlango wa jikoni kwa mgongo wake.

"Shoti anavaa miwani tangu lini?"

"Kile ni kivuli tu. Mwanga wa..."

"Ni miwani yako. Mpaka ule upande ulioupinda ulipoikalia."



"Sikiliza, dada. Picha aliyotuma haikuwa nzuri, nikasaidia kidogo na..."

"Ulisaidia na uso wako?"

Alinitazama, na nikaona fikra zake zikirudi nyuma, picha baada ya picha, zile ndevu, yale mashavu. Sauti yake iliposhuka ndipo nilipoogopa.

"Kaka, Shoti yuko wapi?"

Miaka miwili nilikuwa nimeandaa namna ya kulisema. Nilikuwa na maneno laini, nilikuwa na mahali pa kuanzia. Yote yaliyeyuka.

"Amekufa," nikasema.

"Lini?"

"Mwaka juzi. Wiki ile aliyolazwa mama. Umeme ulimrusha kutoka juu ya nguzo."

Hakulia. Akaketi juu ya ile sufuria kubwa, akaweka mikono magotini. Nikadhani ataniuliza kwa nini, nikawa nimeshaanza kumwambia habari za daktari, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Nani alikuwa ananijibu?"

Hapo, msomaji, ndipo nilipotamani sakafu ipasuke.

"Nauliza nani. Miaka miwili namwandikia. Nimemwambia mambo ambayo sijamwambia mtu. Nimemwambia kuna siku natamani mama apumzike tu na mimi nipumzike, halafu nalia kwa kuwaza hivyo. Akanijibu nisijilaumu, yeye ananielewa. Nani alikuwa ananielewa?"

"Mimi."

"Nilimwambia kuna siku nakuchukia, unakuja hapa Jumapili kama mgeni, unakunywa chai unaondoka. Akanijibu nikusamehe, kaka anachoka na kazi." Akacheka kicheko kikavu. "Ulikuwa unajitetea."

Ni kweli nilijitetea. Siwezi hata kusema niliteleza, maana nakumbuka niliandika ile meseji, nikaisoma, nikaongeza neno "sana" baada ya "anachoka".

"Na mwalimu je?" akauliza.

Nilikuwa nikiomba asifike kwa mwalimu. Kulikuwa na mwalimu mmoja, mtu mpole, aliyetaka kumwoa dada na kuhamia naye alikopangiwa shule. Dada hakuniomba ushauri mimi. Alimwomba Shoti. Na Shoti akamwandikia asubiri kwanza arudi, mwezi wa tisa hauko mbali, waje walizungumze kifamilia. Ulipofika mwezi wa tisa Shoti akapata dharura kazini.

"Mwalimu ameoa, kaka."

"Najua."

"Kwa nini ulinifanyia vile?"

Nimewaahidi kwenye ukurasa huu kwamba sitajipamba. Nilimfanyia vile kwa sababu niliogopa akiondoka nitabaki peke yangu na mama. Nani angemwogesha, nani angemgeuza kitandani? Hiyo ndiyo sababu, na nilimwambia dada hivyohivyo kama ninavyowaambia nyinyi.

Akainuka. Akajifuta uso kwa kile kitambaa cha kufutia kioo, ingawa hakukuwa na machozi.

"Nenda kamwambie mama."

"Itamwua. Daktari alisema..."

"Daktari alisema mwaka juzi. Nenda sasa hivi. Mimi nakaa hapa nasikiliza. Nikisikia unazunguka, nakuja kusema mwenyewe, na ya mwalimu naitia ndani."

Nilitoka. Kutoka jikoni hadi sebuleni ni hatua sita, nazijua tangu utotoni, na siku ile nilizihesabu. Simu nilikuwa nayo mkononi, namba ya daktari nimeshaifungua, kidole juu yake.

Mama alikuwa palepale, uso kwa picha.

"Mnagombania nini huko?"

"Hatugombani, mama."

"Mimi nimepooza mguu, sijapooza masikio."

Nikavuta kigoda nikaketi karibu na magoti yake. Nikaushika ule mkono wake wa kushoto, ulio mzito. Nikaanza na habari za hali yake alivyokuwa amelazwa, jinsi tulivyokuwa na wasiwasi. Nikasikia mlango wa jikoni ukilia. Dada alikuwa anausogelea.

"Mama, Shoti amefariki," nikasema.

Nikautazama mdomo wake. Sikutazama macho, nilitazama mdomo, nikisubiri upinde. Haukupinda. Alibaki kutazama ukutani, pale nyuma ya bega lake mwenyewe la pichani, kwa yule kijana mwenye alama ya miwani usoni.

"Lini?"

"Mwaka juzi. Wiki ile uliyolazwa."

"Siku gani?"

"Jumanne."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa kitu na kukikubali.

"Mimi walinipigia Alhamisi," akasema.

Sikumwelewa. Nilimwomba arudie, akarudia.

"Alhamisi asubuhi. Mwanamume, sauti nzito, na nyuma yake kuna mashine inanguruma. Akaniuliza, wewe ni mama wa yule fundi umeme? Nikasema ndiye mimi. Akaniambia kuwa amekufa na wameshamzika. Nikataka kumwuliza kitu, ulimi haukuinuka. Kuanzia hapo sikumbuki."

Dada ndiye aliyemkuta sakafuni Alhamisi ile. Msimamizi wa mafundi alinipigia mimi Ijumaa. Hakuniambia kwamba alianza na namba ya nyumbani, nami sikumwuliza. Miaka yote hii nilidhani kiharusi kilitangulia na habari ikafuata.

"Nilipozinduka," mama akaendelea, "nilikuwa na neno hilo moja tu kichwani, na siwezi kulitoa. Nawatazama nyinyi, mnatabasamu, mnanilisha kwa kijiko. Nikasema, maskini, hawa hawajui. Nitawaambiaje? Nikamlilia peke yangu, mchana, kwa macho tu. Nyinyi mkidhani ni ugonjwa. Mkanifuta na kitambaa."

Mlangoni dada aliziba mdomo kwa mkono.

"Mwezi mzima nilimlilia. Nilikuwa nimeanza kuzoea. Halafu wewe ukaja na picha. Shoti na kofia ya kazi, anacheka. Ukaniambia, mama, katuma jana." Mama akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Nikajua basi mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Hakuna aliyenipigia. Kichwa kibovu kimenitungia kifo cha mwanangu. Nikamshukuru Mungu kwamba ni wazimu tu."

"Mama, nilitaka kukukinga."

"Nilikuwa najua, baba. Wewe ndiye uliyenifanya nisijue."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. Nimetukanwa maishani, nimefukuzwa kazi mbele za watu, mke wangu aliondoka na viti vyote, hayo mmeyasoma. Hakuna lililoniingia kama hilo. Niliinamisha kichwa magotini kwake nikalia kwa sauti, mtu mzima, na yeye akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa changu, na hilo likanizidishia kulia. Yeye ndiye mfiwa, na mimi ndiye niliyekuwa nabembelezwa.

Dada akaja akapiga magoti upande wa pili. Tukakaa vile, sijui kwa muda gani. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunamlilia Shoti sisi watatu.

Kisha mama akajinyoosha.

"Nileteeni viatu."

"Unakwenda wapi, mama?" dada akauliza.

"Mara ya kwanza nilimlilia nimelala chali, siwezi hata kuinua mkono. Safari hii nataka nikamlilie alipo. Niushike udongo wake. Nikishaushika, hata hicho kiharusi cha pili anachokisema daktari na kije." Akanitazama. "Amelala wapi?"

Nilidhani nimeshakiri yote, msomaji. Kumbe hili nilikuwa nimelificha hata kwenye ukurasa huu.

Yule msimamizi aliponipigia, baada ya kunipa pole aliniambia nichukue kalamu anielekeze kaburi lilipo, kwa kuwa kazi yao ni ya kuhama na baada ya wiki moja watakuwa wameshasogea mbele. Mimi nilikuwa kwenye korido ya hospitali, daktari ananiita. Nikamwambia nitakupigia. Sikumpigia. Kila siku nilisema kesho. Nikiandika mahali pa kaburi, ningekuwa nimekubali kuna kaburi. Nilipokuja kupiga baada ya miezi minne, namba haikupatikana. Kampuni ilishamaliza mradi na kuvunja kambi zake. Kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho ni mwendo wa siku mbili kwa gari, na mdogo wangu yuko mahali fulani kando ya njia hiyo.

Nilitakiwa kusema sijui. 

"Mji gani?" mama akauliza tena. "Taja tu, dada yako akatutafutie gari."

Dada alikuwa ameshaleta viatu. Alikuwa anamfunga mama kamba, machozi yanamdondokea mikononi. Akainua uso akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu jikoni alinitazama kama kaka yake.

Nikafungua mdomo nikataja mji, wa kwanza ulionijia kichwani. Mama akashika mkongojo wake, akasimama.